Kisa cha Chiriku na Kasa: punda aliyekataa kutoka bila mwenzake

Kabla ya yote

Watu wenye punda hapa Lamu wananiuliza sana, na juzi kaniuliza pia jamaa mmoja wa Malindi mwenye farasi, kwamba ufanyeje na mnyama anayelia na kurusha mateke kila ukimtenga na mwenzake. Badala ya kumjibu kila mmoja kivyake naona niandike kisa kimoja mwanzo mpaka mwisho. Majina ya punda nimeyabadilisha, mtaa siutaji, na mwenye punda nitamwita Ami tu manake ndivyo nimwitavyo. Mambo mengine madogo nimeyahamisha hamisha ili asijulikane. Mwenyewe karidhia kiandikwe, ila kasema picha yake isitiwe.

Hii kazi ya kumfundisha mnyama ukiwa chini na kamba mkononi, halafu kumtoa matembezi bila kumpanda wala kumtwika, wanaoifanya sana ni watu wa farasi. Kwa punda inafaa vilevile lakini lazima uibadilishe kidogo. Farasi akishikwa na hofu anakimbia, hata mtoto anaona kuwa huyu kaogopa. Punda mara nyingi anasimama tu. Ukimwona kasimama unasema mkaidi, au unasema ametulia, kumbe wala si hili wala si lile, anapima. Asili yake ni huku huku upande wetu, pembe ya Afrika, nchi kame ambayo majani ni haba na wanyama hawawezi kula kundi zima mahali pamoja, kwa hiyo hakuumbwa kukimbia na kundi kama farasi, kazoea kuangalia hatari kwanza na kuamua mwenyewe. Na anashikamana na mmoja au wawili tu anaowajua, anashikamana kwelikweli.

Wenyewe ni kina nani

Chiriku na Kasa ni madume wawili waliohasiwa. Ami aliwanunua pamoja bara wakiwa bado vijana, wakavushwa kwa mashua kutoka Mokowe. Si wa mama mmoja lakini walikulia zizi moja, na tangu wafike kisiwani hawakuwahi kutenganishwa hata siku moja, kazini pamoja, uani pamoja, na jioni wakifunguliwa kuzurura mjini kama punda wengine wa hapa utawakuta pamoja vilevile, mmoja kamlazia mwenzake kichwa mgongoni.

Kazi yao ni kazi ya punda wa Amu, yaani Lamu yetu: mchanga, mawe, simiti, boriti, kutoka pwani mpaka kwenye saiti. Kwa asiyeujua mji wetu, ule mji wa kale ambao UNESCO iliutia kwenye urithi wa dunia 2001 una vichochoro ambavyo punda wawili wenye shogi, ile mifuko ya mzigo inayoning'inia mbavuni huku na huku, wakikutana inabidi mmoja arudi nyuma. Gari haliingii. Jiwe lolote unaloliona juu ghorofani limepita mgongoni mwa punda, au kichwani mwa mtu.

Chiriku jina linamfaa, ana mdomo. Kasa ni taratibu, hana neno na mtu. Hilo la Kasa kutokuwa na neno liwekeni akilini manake nitalirudia.

Ilivyoanza

Kasa alifanya usaha ndani ya ukwato wa mguu wa mbele. Jambo la kawaida kwa punda wanaotembea kwenye mawe na majimaji, daktari alitoboa, usaha ukatoka, akafunga, akasema asifanye kazi mpaka pakauke vizuri. Sasa Ami alikuwa na ahadi ya mchanga kwa kontrakta, na kontrakta hana habari ya ukwato, kwa hiyo kijana wake akamtwika Chiriku peke yake akatoka naye.

Mlangoni Chiriku alisimama, akageuza kichwa, akalia. Kijana akavuta kamba. Punda akakaza shingo. Kijana akachapa, punda akatoka, akapiga hatua chache, halafu akageuka ghafla katikati ya kichochoro na shogi zake zote mbili zimejaa, akambana mzee wa watu ukutani. Alhamdulillahi mzee hakuumia, kanzu tu ndio iliyochanika, lakini mchanga ulimwagika mlangoni kwa watu na maneno yakawa mengi.

Siku zilizofuata ilizidi. Mwanzo alikuwa akikataa mlangoni, baadaye akiona tu shogi zinaletwa anaanza kutetemeka na kunya choo chepesi. Akifikishwa saiti anazunguka kamba yake, jasho linamtoka hata jua halijapanda, nyasi zipo mbele yake hali. Njiani kurudi anakimbilia nyumbani hata umshike vipi, na hapo ndipo hatari ilipokuwa kubwa manake watoto wa madrasa wako njiani saa hizo. Alipoanza kutokula hata akiwa uani, Ami kanipigia simu.

"Mwanangu, punda wangu kaingiwa na shetani."

Nikamwambia Ami, shetani tutamwangalia baadaye, kwanza niambie amekula lini mara ya mwisho.

Kwanza daktari

Hapa watu wengi wanaruka, wanataka waende moja kwa moja kwenye mafunzo. Usiruke.

Punda aliyeacha kula si punda anayenuna, ni mgonjwa mtarajiwa. Mwili wake ukikosa chakula, hasa akiwa na stresi, unaanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, mpaka daktari akitoa damu anaiona imekuwa nyeupe nyeupe kama imetiwa maziwa. Ini linachoka, figo zinachoka, na anaweza kufa. Punda wanene na majike wenye mimba ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi, lakini yeyote anaweza kupata. Kutengwa na mwenzake ni moja katika sababu zinazojulikana za kuanzisha jambo hili, ndio maana kliniki nyingi za punda zinakwambia ukimleta mgonjwa mlete na mwenzake pia, asubiri naye.

Bahati yetu Lamu kliniki ya punda tunayo, ile ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, iko hapa tangu 1987 na matibabu ni bure. Chiriku akapelekwa. Tulichotaka kujua ni kama kuna maumivu, manake punda anayekataa kutoka anaweza kuwa anakataa mzigo, si njia. Akaangaliwa meno, kwato, mgongo pale shogi zinapokaa, na tumbo, kwa vile punda wanaozurura mjini wanaokota chochote, na ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017 takataka bado ziko na tumbo la punda halijui sheria. Alikutwa na kidonda kidogo chini ya shogi upande mmoja, na mdomo umechubuka kwa ile hatamu ya waya aliyovalishwa alipoanza vurugu. Basi. Damu ilikuwa bado salama. Daktari akasema ale, chochote atakachokubali, na asifanye kazi mpaka awe anakula kama kawaida.

Ami hakufurahi. Ana punda wawili, mmoja kilema na mmoja kichaa, na kontrakta anapiga simu. Uamuzi wa kwanza ukawa wa pesa tu: akaazima punda wa jirani kwa kugawana malipo, hasara kidogo kuliko kupoteza kazi yote. Nautaja kwa sababu bila uamuzi huo hakuna lingine lolote ambalo lingewezekana, huwezi kumfundisha mnyama polepole huku kuna lori zima la mchanga linamsubiri, samahani, jahazi zima.

Ushauri wa barazani

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Wengine walisema achapwe mpaka akome. Huo tulishauona, alichapwa na hakukoma, alichojifunza ni kwamba kutoka nyumbani bila Kasa ndio kuchapwa kwenyewe, sasa ana sababu mbili za kutotaka kutoka.

Ushauri wa pili ulikuwa na watu wengi zaidi na watu wenye heshima zao: mtengeni kabisa, mpelekeni uani kwa mtu mwingine upande wa pili wa mji, alie siku mbili tatu, atanyamaza. "Mwate alie," mzee mmoja kasema, "hata mtoto wa kuachishwa ziwa hulia." Naelewa unakotoka ushauri huu na siwezi kusema haujawahi kunyamazisha punda. Lakini kunyamaza kwa punda hakukwambii kitu. Anaweza kuwa amezoea, anaweza kuwa amekata tamaa, kwa nje ni yuleyule, kichwa chini, masikio yamelegea. Na huyu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kula tena. Ami alipoelezwa habari ya damu na maziwa akakataa mwenyewe. Kulikuwa na sababu nyingine ya wazi: nyumba zetu zimeshikana kuta, punda akilia usiku kucha mtaa mzima uko macho mpaka alfajiri, na Ami anaishi na watu.

Ushauri wa tatu ni mbuzi. Ati mtafutieni mbuzi wa kukaa naye. Hili tulilijaribu kwa vile mbuzi alikuwepo. Chiriku hakumtazama, na mbuzi akala pumba zote.

Kazi ya uani

Mpango wenyewe ulikuwa hivi, na wazo lililouongoza ni moja: punda huyu hasumbuliwi na kuondoka, anasumbuliwa na kutojua kama kuna kurudi. Kwa hiyo tunachomfundisha hasa ni kurudi. Arudi mara nyingi, arudi mapema, arudi kabla hofu haijampanda.

Lakini kabla ya kumsogeza popote ilibidi kamba iwe na maana. Mpaka hapo kamba kwake ilikuwa kitu cha kuvutana nacho. Hatamu ya waya ikatupwa, ikaja ya kamba laini isiyoingia mdomoni. Kazi ikaanza hapohapo uani, Kasa amesimama mbele ya macho yake. Unaomba hatua moja mbele kwa kukaza kamba kidogo sana, akihamisha uzito tu, hata hajainua mguu, unalegeza. Kulegeza ndiko kunakofundisha, kuvuta hakufundishi kitu. Halafu kusimama. Halafu hatua moja nyuma. Halafu kusogeza matako kando ukimwonyesha kwa mkono. Halafu kushusha kichwa, hili ni dogo lakini lina faida kubwa baadaye, manake punda aliyeshusha kichwa shingo yake imelegea na pumzi inashuka.

Zawadi ilikuwa kukunwa pale shingo inapokutana na mgongo, ambapo hafiki mwenyewe na ambapo siku zote Kasa ndiye aliyekuwa akimkuna kwa meno. Maganda ya embe mara mojamoja. Kijana wa Ami alitaka kumpa sukari, tukakataa.

Vipindi vilikuwa vifupi, punda akichoka akili anakufa ganzi na unajidanganya kuwa ametii. Na tulitaka kijana ndiye afanye, si mimi, kwa sababu yeye ndiye atakayetoka naye kazini. Mwanzoni alikuwa na haraka kisha akaipenda, akawa anaona vitu ambavyo hata mimi sikuviona, kama vile Chiriku kabla ya kulia huwa anaacha kutafuna kwanza, halafu sikio moja linakwenda nyuma kwa Kasa, halafu pua zinapanuka. Kulia ni mwisho wa safari, siyo mwanzo. Ukisubiri mlio umechelewa.

Baada ya hapo ndio utengano wenyewe. Hatua chache kuelekea mlangoni, kurudi. Mlangoni, kusimama, kurudi. Nje ya mlango kichwa tu, kurudi. Nje mwili wote, mlango wazi, anamwona Kasa, kurudi. Mlango ukiegeshwa. Kona ya kwanza ya kichochoro. Kila mara anarudishwa angali anatafuna. Akilia je? Hapo watu wawili wanafanya makosa mawili: mmoja anamrudisha mbio, punda anajifunza kuwa kulia ndio ufunguo, na mwingine anamkazia aendelee mbele, punda anajifunza kuwa kamba haisikii. Sisi tulisimama palepale, hatukumrudisha wala hatukumpeleka, tukamwomba kitu kimoja anachokijua, hatua moja nyuma au kushusha kichwa, akikifanya hata nusu, twende nyumbani. Kesho yake kona ni fupi zaidi.

Kasa naye

Aliyeligundua hili ni mjukuu wa Ami, msichana mdogo ambaye kazi yake ilikuwa kufagia uani. Kasema tu hivi, bila kujua kuwa ni jambo: "Babu, Kasa Chiriku akitoka hali pumba."

Tukakaa tukaangalia. Kweli. Chiriku akitoka hata kwa muda mfupi Kasa anasimama, macho mlangoni, taya limesimama, hasogei, halii. Mwenzake akirudi anashusha kichwa na kuendelea kula kana kwamba hakuna lililotokea. Mguu mbovu ulificha mambo, kila mtu alimwona kasimama akasema anauguza mguu.

Hii ndiyo tofauti ya punda na farasi niliyoisema juu, na kwangu ndicho kiini cha kisa kizima. Punda mwenye kelele anapata daktari, anapata mwalimu, anapata maganda ya embe. Yule mwenye kimya anapata sifa ya utulivu. Mpango ukabadilika palepale. Kila Chiriku alipotoka mtu mmoja alibaki na Kasa, mara nyingi msichana yule, anamkuna, anamtilia pumba kidogo kidogo, naye akafundishwa uleule mchezo wa hatua mbele hatua nyuma kadiri mguu ulivyoruhusu. Na kipimo cha kurudi kikawa cha wawili: yeyote kati yao akiacha kutafuna muda umekwisha. Ikabidi kutumia simu, kijana yuko kona, msichana yuko uani, "ameacha kula", "haya tunarudi". Majirani walicheka sana. Wacha wacheke.

Kutoka nje

Kutembeza kulianza saa za mchana baada ya adhuhuri, mji umelala na usita, ile njia kuu ya mji, ni mtupu. Bila shogi. Mtu anatembea begani kwa punda, si mbele kumvuta wala nyuma kumswaga. Akisimama kuangalia kitu anaachwa aangalie, kamba imelegea, mpaka mwenyewe apumue na kupiga hatua. Punda ukimharakisha hapo unamthibitishia kwamba kweli kulikuwa na jambo la kuogopa. Mara ya kwanza alisimama mbele ya mkokoteni kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kahawa, kijana akataka kulia yeye.

Vichochoro vina shida moja, huwezi kugeuka kila mahali, kwa hiyo njia zilichaguliwa zile zenye uwazi wa kugeukia. Baadaye tukatoka pwani, na kutoka pwani mchangani kuelekea Shela. Pale ndipo mambo yalipofunguka. Kuna nafasi, unaweza kumzungusha duara, kumpitisha kwenye kamba za mashua, kumwomba arudi nyuma mbele ya mawimbi, yaani kichwa chake kinapata kazi. Punda asiye na kazi kichwani anamuwaza mwenzake, aliye na swali mbele yake anajibu swali. Ila mchanga ule ni wa maji kupwa tu, maji yakijaa sehemu nyingine hakuna pa kupita, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndio usiseme, kwa hiyo saa za matembezi zilifuata maji na maji kila siku yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Hili lilikuwa usumbufu kwetu na faida kwa Chiriku: hakuweza kukariri saa ya kuondoka na kuanza kuingojea kwa hofu.

Njia ya kurudi ilichukua kazi sawa na ya kwenda. Alipoikaribia nyumba alitaka kukimbia. Kila akiongeza mwendo anasimamishwa, anashusha kichwa, anaendelea, na mara nyingine akifika mlangoni anapitishwa, anakwenda mpaka kona ya pili, ndipo anarudi na kuingia. Baadaye zikaja shogi tupu, halafu mzigo mdogo, halafu nusu.

Palipoharibika

Mara mbili. Ya kwanza ni siku za Maulidi, mji ulijaa wageni, ngoma kila upande, punda wa kila mtu wako njiani. Tulisimamisha matembezi ya nje tukabaki uani. Ilichelewesha lakini haikuharibu.

Ya pili iliharibu. Kontrakta alipiga kelele, punda wa kuazimwa alikuwa amerudishwa kwao, na kijana, kwa kumwonea baba yake huruma, akamtwika Chiriku shogi zilizojaa akaenda naye saiti asubuhi nzima. Kwenda alikwenda vizuri, hilo ndilo lililomdanganya. Saiti akaanza kulia na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumrudisha. Jioni aliporudi Kasa hakuwa amegusa chakula tangu asubuhi. Kesho yake Chiriku aligoma mlangoni kama mwanzo.

Tulirudi nyuma, si mpaka sifuri, mpaka kona ya kwanza. Kilichonishangaza ni jinsi alivyopanda haraka mara ya pili, yale ya uani yalikuwa bado yamo, ilibidi tu kujenga upya imani ya kuwa kona ina kurudi. Ami naye akazungumza na kontrakta ana kwa ana, wakakubaliana mzigo wa asubuhi pekee.

Ilivyoishia

Ukwato wa Kasa umepona, anafanya kazi. Chiriku sasa anatoka peke yake na mzigo kamili kwa nusu siku, anakula saiti, na analia mara moja tu akikaribia nyumbani, Kasa anamjibu, tumeona tuwaachie hilo. Kasa anakula mwenzake akiwa hayupo, ingawa taratibu zaidi kuliko wakiwa wawili. Vidonda vimepona.

Usiku hawatengwi. Ami alipata kazi nzuri ya kubeba boriti ambayo ingemtaka punda mmoja alale Kipungani, upande wa pili wa kisiwa, akaikataa, au tuseme alisema wataenda wote wawili kwa bei ya wawili, mwenye kazi hakutaka.

Uchambuzi

Kilichobeba kisa hiki ni kuwarudisha mapema. Naona watu wengi wanaofanya mafunzo ya kutenganisha wanapima kwa muda, leo kidogo, kesho zaidi, na wanajisifu punda amekaa saa nzima. Muda si kipimo. Safari fupi iliyoishia kwenye taya linalotafuna ina faida kuliko safari ndefu iliyoishia kwenye jasho, na ile asubuhi ya saiti ndiyo ushahidi.

La pili ni kwamba mafunzo ya uani yalitangulia. Kuna wanaosema mtoe tu matembezi atazoea. Matembezi bila lugha ya kamba ni kumtoa mnyama mwenye hofu mahali anapopajua na kumpeleka asipopajua, ukiwa huna namna ya kumwambia kitu. Chiriku alipolia kule kona kulikuwa na jambo la kumwomba na alijua jibu lake. Kwa farasi hili ni muhimu zaidi kuliko kwa punda, kwa vile farasi akipanda hofu ana mwendo na ana uzito, yule jamaa wa Malindi nimemwambia asimpeleke ufuoni kabla farasi wake hajajua kusimama na kurudi nyuma kwa kidole kimoja.

Kuazima punda wa tatu kulifanya kazi mpaka alipoondoka, na alipoondoka mpango haukuwa na kinga yoyote. Huu ndio udhaifu mkubwa wa kisa kizima: mafunzo yalitegemea mtu wa nje awe na subira, na hakuna aliyezungumza na mtu huyo mpaka maji yalipozidi unga. Mazungumzo yale ya Ami na kontrakta yangefanyika wiki ya kwanza yangegharimu kikombe cha chai.

Mbuzi hakufaa. Mwenza wa punda ni punda, na si punda yeyote.

Kuhusu Kasa, anayetaka kuiga mpango huu aweke mtu wa kumtazama anayebaki tangu siku ya kwanza, na atazame chakula kilichobaki chomboni kuliko kutazama tabia. Pumba hazifichi.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo haya hayalitatui, nalo ni siku mmoja atakapokufa. Kwa hilo ushauri wa wajuzi wa punda ni kumwacha aliyebaki akae na mwili wa mwenzake, aunuse, mpaka mwenyewe aondoke, badala ya kuuondoa haraka na kumwacha akitafuta. Ami ameshaambiwa, kasema inshallah bado.

Mwezi uliopita alikuja mtu kutaka kumnunua Kasa peke yake, kwa bei nzuri tu, manake punda sasa ni ghali tangu ile biashara ya ngozi iwamalize huko bara. Ami kamwambia wanakwenda wawili au hawaendi. Mtu yule kasema anakwenda kutafuta pesa ya wa pili, na mpaka naandika hapa hajarudi.